Aliyefika Salama, Je, Hana Kosa?

Kila mara motokaa ipindukapo na watu kupoteza uhai, maneno mawili husikika matangani. Mmoja husema, "Ajali haina kinga." Mwingine huitikia, "Ni mapenzi ya Mungu." Husemwa kwa nia ya kuwafariji wafiwa, wala hatutaki kumlaumu mtu anayetafuta la kusema mbele ya jeneza. Lakini faraja ni jambo moja na ukweli ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu 1,190,000 hivi walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021. Je, ni haki kumtwika Mwenyezi Mungu mzigo wote huo?

Na tulitazame swali hili katika kitu ambacho wengi hukipita pasipo kukitupia jicho, yaani tairi.

Tuwafikirie madereva wawili. Wote wawili waondoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba, wamepakia abiria waendao Moshi kula Noeli kwao. Matairi ya mbele ya kila mmoja yamekuwa vipara, hata nyuzi zaanza kuonekana. Kila mmoja ameliona jambo hilo alfajiri, na kila mmoja amesema moyoni, "Tutafika tu." Wa kwanza afika, ashusha abiria wake, aenda Misa ya mkesha. Wa pili apasukiwa na tairi karibu na Same. Motokaa yapinduka, na mama mmoja afa pamoja na mtoto wake. Serikali itamshtaki wa pili, na watu watamlaani. Wa kwanza hakuna atakayemwuliza neno. Lakini mbele ya Mungu, je, hana kosa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijiuliza, zaidi ya miaka 700 iliyopita, kama matokeo ya tendo huongeza wema wake au ubaya wake. Jibu lake ni hili: matokeo ambayo mtu ameyatazamia huhesabiwa pamoja na tendo lake. Hata asiyoyatazamia, ikiwa kwa kawaida huzaliwa na tendo lenyewe, huhesabiwa pia. Bali yale yatokeayo kwa nadra na kwa nasibu tu hayahesabiwi. Basi yatupasa kujua kwanza: je, kupasuka kwa tairi bovu ni nasibu, au ni jambo lizaliwalo kwa kawaida?

Mafundi watatujibu. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila lizungukapo. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zilizomo ndani yake. Ongeza mzigo kupita kiasi, ongeza mwendo wa kasi na lami ya saa nane mchana, nalo litapasuka. Mifereji ya tairi kazi yake ni kuyaondoa maji. Ikiisha, tairi huelea juu ya maji ya mvua, na dereva akanyagapo breki, gari halimtii. Ndiyo maana sheria za nchi za Ulaya zimeweka kina cha mifereji kisichopungua milimita 1.6 kwa motokaa ndogo. Tena mpira huzeeka hata usipotumika sana. Ubavuni mwa tairi huandikwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019.

Kwa hiyo tairi hutoa habari zake mapema kwa kila atakaye kuzisoma. Lipo tairi zima lichomwalo na msumari usioonekana, na hiyo ni ajali kweli. Lakini aonaye nyuzi na kuondoka na watu nyuma yake amekwisha kuchagua kabla ya kuwasha injini.

Torati yalifahamu jambo hili kabla ya motokaa kuwako. Katika Kumbukumbu la Torati, mwenye kujenga nyumba aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari yake, asije akapatilizwa damu ya mtu atakayeanguka. Katika kitabu cha Kutoka, mwenye ng'ombe apigaye watu kwa pembe, ikiwa ameonywa naye asimfunge, huhesabiwa hatia ng'ombe huyo akiua. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, yafundisha kwamba hujitia katika hatia nzito wale ambao, kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo wa kasi, huhatarisha usalama wao na wa wengine. Amri ya Tano haingoji maiti ipatikane ndipo ivunjwe.

Jibu letu basi ni hili: dereva wa kwanza anayo hatia. Wa pili ana deni zaidi, kwa maana lazima afanye malipizi kwa wafiwa na yatima kadiri awezavyo. Lakini nia zao zilikuwa moja, na Mungu huitazama nia. Kufika salama hakumtakasi wa kwanza. Kumempa nafasi ya kutubu tu, nafasi ambayo mwenzake ameipata kwa uchungu mwingi.

Hapa atainuka mtu na kusema: "Ninyi mwaandika mkiwa mmeketi. Tairi ni ghali. Dereva akikataa kuondoka, tajiri humwambia kwamba wako wengine kumi wanaoitaka kazi hiyo. Nyumbani watoto wangoja chakula." Neno hili ni kweli, nasi hatulipuuzi. Mtu atendaye kwa hofu ya njaa, hatia yake hupungua. Lakini haipotei, huhamia sehemu kubwa kwa yule aliyemtia hofu. Mwenye gari ahesabuye nauli na asihesabu matairi ana hatia. Ndivyo alivyo muuzaji achongaye mifereji mipya juu ya tairi lililokwisha ili lionekane zima, na mkaguzi apokeaye noti na kugeuza uso. Hata abiria ampigiaye dereva kelele aongeze mwendo ana fungu lake. Naye maskini hakosi kabisa la kufanya: kupima upepo tairi likiwa baridi si kazi ya gharama kubwa, kupunguza mzigo na mwendo hakudai fedha, na kusema "siendi" ni haki ya kila mwenye dhamiri.

Wazee wa Kanisa waliiita busara mwendesha gari la fadhila, kwa sababu ndiyo iziongozayo nyingine. Tairi lipasukapo ndipo mwendeshaji huyo ahitajiwapo. Mwenye hofu hukanyaga breki kwa nguvu, na gari humpindukia. Mwenye busara huushika usukani kwa mikono miwili, huyaachia mafuta polepole, huliacha gari lipungue mwendo lenyewe, kisha hulitoa barabarani. Huwasha taa za tahadhari, huwashusha abiria na kuwaketisha mbali na lami, tena huweka vibao vya pembetatu mbali ya kutosha ili wajao wapate kuviona.

Nasi tumezoea kuweka matawi na mawe. Yafaa, ikiwa hakuna kingine. Lakini ni wangapi, wakiisha kubadili gurudumu, huondoka na kuyaacha mawe palepale? Usiku huja kijana na pikipiki yake, naye aliyeyaacha amekwisha kufika nyumbani, amelala usingizi, wala hatajua kamwe. Huyo naye ni dereva wa kwanza.

Mwaka 2007 Vatikano ilitoa miongozo ya utume wa barabarani, yenye amri kumi za dereva. Mojawapo yadai upendo kwa jirani aliye katika shida, hasa majeruhi. Msamaria Mwema naye alitenda wema wake njiani.

Jamaa nyingi hupeleka motokaa kwa padre ibarikiwe, huning'iniza rozari kiooni, au humwomba Mtakatifu Kristofa. Ni desturi njema. Lakini Bwana Wetu, aliposhawishiwa ajitupe kutoka kinara cha Hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Aombaye ulinzi huku akijua tairi lake ni kipara amjaribu Mungu vivyo hivyo.

Basi, enyi wazazi na madereva, kabla ya safari ijayo inameni mkatazame magurudumu yenu, ndipo mfanye ishara ya msalaba na kuondoka.