Nani Aliyesema Hapana?

Msomaji mwenzangu, hebu tuanze na swali. Watu mia wakimkataa mtu mmoja kwa kura ya siri, nani hasa aliyemkataa?

Vyuoni Marekani kuna vyama vya wanafunzi wa kike viitwavyo sororiti. Majina yake ni herufi za Kigiriki, wanachama huitana dada, na aghalabu huishi pamoja katika jumba la chama. Kila mwaka huwa na wiki ya usajili. Wasichana wapya huzunguka nyumba hadi nyumba, wamependeza, wanatabasamu mpaka mashavu yanauma. Maongezi ni ya dakika chache: unatoka wapi, unasomea nini, unapenda nini. Wageni wakishaondoka, wenyeji hujadiliana, hupiga kura au hutoa alama. Kisha msichana huletewa orodha ya nyumba zinazotaka arudi, na orodha hiyo hupungua kila raundi. Mwishoni yeye hupanga nyumba azipendazo, nyumba nazo hupanga wasichana, na majina hulinganishwa. Aliyepata hufungua bahasha, akapiga kelele za furaha, akakimbilia kwa dada zake. Aliyekosa haambiwi kwa nini. Mijadala ile ni siri ya chama.

Watetezi wa vyama hivi watauliza: kwani kosa liko wapi? Rafiki si huchaguliwa? Ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Jamani, hoja hii tusiipuuze. Hata kijiweni kwetu hatukai na kila mpita njia. Tena kuchagua kumeleta mema. Mwaka 1908 wanafunzi wa kike weusi wa Howard University, Washington, waliasisi Alpha Kappa Alpha, na mwaka 1913 wenzao wakaasisi Delta Sigma Theta. Hawa wa Delta hawakumaliza hata miezi miwili kabla ya kuingia barabarani, Machi 1913, katika maandamano ya kudai kura kwa wanawake. Nao walichagua wa kuwaingiza, na wanachagua hadi leo. Kwa hiyo ugomvi wangu si na kuchagua.

Ugomvi wangu uko kwenye lile giza. Tuangalie University of Alabama. Juni 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa jengo la chuo hicho kuwazuia Vivian Malone na James Hood, wanafunzi weusi, wasiandikishwe. Alishindwa, wakaingia. Miaka 50 baadaye, Septemba 2013, gazeti la wanafunzi wa chuo hichohicho, The Crimson White, liliandika kwamba wasichana weusi walikuwa wamekataliwa na sororiti zote zilizozoeleka kuwa za wazungu. Mmoja wao alikuwa na alama za juu mno za sekondari, na familia yenye jina. Wanachama wa nyumba mojawapo walijitokeza wakasema wao walimtaka, ila wanachama wa zamani waliingilia kati jina likaondolewa. Wanafunzi na walimu wakaandamana, uongozi wa chuo ukaagiza milango ifunguliwe upya, na wasichana weusi kadhaa wakapata mialiko wakaingia. Ile methali ya ndege na manyoya, kumbe huko ilikuwa imegeuka sheria isiyoandikwa.

Sasa pima mambo haya mawili. Wallace alitenda uovu, lakini alikuwa na sura. Alisimama mchana kweupe, na aliyezuiwa alijua amezuiwa na nani na kwa nini. Aliyekataliwa kwenye wiki ya usajili hana wa kumtazama usoni. Ukimuuliza mwanachama mmoja mmoja, kila mtu atakuapia: mimi nilimpenda sana yule dada, sijui imekuwaje. Na huenda anasema kweli! Wahenga walituambia penye wengi haliharibiki neno. Hapa neno liliharibika palepale penye wengi, maana kila mmoja alimwachia mwenzake dhamana.

Wapo watakaonijibu kwamba ukimya ni huruma, eti kumweleza binti sababu kutamuumiza zaidi. Hivi huruma hiyo inamlinda nani? Sababu kama "nafasi zimejaa" haina haja ya kufichwa. Sababu inayohitaji giza ni ile ambayo mwenye nayo angeona haya kuitamka: rangi yake, kabila lake, viatu vyake, kazi ya baba yake. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Chagua umtakaye, lakini uwe na sababu ambayo ungeweza kuisema mbele ya uliyemwacha bila kuinamisha macho. Kama huwezi, basi ujue umeshahukumu.

Usidhani haya ni ya Alabama tu. Sisi wa kalamu nasi tuna vikundi vyetu, na tunajua fika nani huitwa kusoma shairi lake na nani hupewa "tutakuarifu" ya kila mwezi. Safari ijayo jina la mtu likipita mezani, na wote mkanyamaza, na ukimya ule ukamtoa, usitoke ukisema "waliamua." Ulikuwemo.