Kuna Ufa Unaozibwa na Unaofichwa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa mwingine ukizibwa tu, umefichwa.

Huku Kilifi, baiskeli ya chuma hubeba madumu ya maji miaka na miaka. Ifunge mota ya umeme kwenye gurudumu la nyuma: mota ikisukuma gurudumu mbele, ekseli nayo hutaka kuzunguka kinyume. Nati zikilegea, inapanua nafasi yake mpaka fremu inapasuka. Fundi wa jua kali anachomea chap chap, mteja analipa kidogo, anaenda. Ila bila kipande cha chuma cha kuishika ekseli, patapasuka tena.

Mimi naona fundi anayejua hivyo akanyamaza ameuza rangi tu. Na mteja akiambiwa akakataa? Shingo ni yake. Lakini mtoto anayempakia kwenye keria, nani alimuuliza?