Kikombe Kisichowekwa Chini

Mimi ni sonara. Nikitazama picha ya chombo cha dhahabu, jicho hukimbilia pale kilipotobolewa. Mwaka 1949, karibu na mji wa Panagyurishte huko Bulgaria, ndugu watatu waliokuwa wakichimba udongo wa vigae walifukua vyombo 9 vya dhahabu, kilo 6 na ushei, kazi ya Kigiriki ya miaka zaidi ya 2,200 iliyopita. Kimojawapo ni kichwa cha kulungu. Mpini wake ni simba aliyesimama, miguu ya mbele kaiegemeza ukingoni. Shingoni amefuliwa Paris wa hekaya za Kigiriki akichagua nani mzuri zaidi kati ya miungu wa kike Hera, Athena na Afrodita. Na kwenye mdomo wa chini wa mnyama, fundi kaacha kitundu. Divai huingia kwa juu, huchuruzika hapo. Hakikai mezani hiki. Ukishakijaza, sharti ukimalize.

Kwangu Mwislamu ni haramu mara mbili. Ya divai haina mjadala. Ya dhahabu ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana mwanamke hununua bangili kwangu na dini haina neno, lakini bakuli la dhahabu la kunywea maji hata yeye haruhusiwi.

Sahaba Hudhaifa alikuwa Madain, mji mkuu wa zamani wa Waajemi, akaomba maji. Akaletewa katika chombo cha fedha, akamrushia aliyekileta. Kisha akaeleza: alishamkataza, na Mtume (s.a.w.) alisema vyombo vya dhahabu na fedha ni vya wasioamini duniani, vyetu Akhera.

Masheikh husema ni kuzuia kiburi. Sawa, lakini kiburi hata kwenye bangili kipo, ninakiona kila siku dukani. Nionavyo mimi, bangili ni pambo tu. Kiu ni haja, na mfalme na mpagazi wanayo sawasawa. Ukiituliza kwa dhahabu umeifanya haja kuwa cheo.

Wagiriki nao walihisi kinywaji si mali ya mnywaji peke yake, ndiyo maana walitangulia kuwamiminia miungu. Mwanafalsafa Plato anasimulia kuwa mwalimu wake Sokrate aliomba kumimina kidogo hata kutoka kikombe cha sumu aliyohukumiwa kunywa, akaambiwa imesagwa ya kumtosha tu.

Ila katika hazina ile ya Panagyurishte lipo bakuli la kumiminia, lenye safu tatu za vichwa vya Waafrika, 24 kila safu, na uzito wake umechorwa humohumo kwa tarakimu za Kigiriki. Hapo namtambua mwenzangu wa kazi. Sadaka inamwagika, gramu zimebaki.

Sura ya Zukhruf, aya ya 71, inaahidi sahani za dhahabu na vikombe Peponi. Nadhani vimeahirishwa hadi huko kwa kuwa huko hakuna mwenye kiu wa kuringiwa, wala hakuna atakayeniita nilete mizani.