Samaki wa Milia na Samaki wa Madoadoa

Somo: Mathayo 7:15–20



Sisi wa Kasulu na Kibondo samaki wengi hutufikia wakiwa wamekauka. Dagaa na migebuka ya sokoni ina rangi moja tu, ya moshi na jua. Lakini ashukaye hadi Kigoma na kutazama majini kando ya miamba ataona mengine: manjano, buluu, milia, madoadoa. Ziwa Tanganyika lina aina kama 200 au zaidi za samaki wa jamii ya sato, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani.

Mtu atasema, basi tuwatambue kwa rangi. Ngoja kwanza. Yuko mmoja, wataalamu humwita Perissodus straeleni, mwenye milia myeusi kama majirani zake, kwa hiyo hawamkimbii. Naye huwakaribia taratibu, kisha huwarukia na kuwang'oa magamba. Ndicho chakula chake. Waliompasua tumbo waliyakuta humo. Tumbo ndilo lililomtoa.

Mwingine, Tropheus duboisi, utotoni ni mweusi mwenye madoa meupe. Akikua madoa yote hufutika, kichwa huwa buluu, na mkanda mweupe au wa manjano humzunguka kiunoni. Aliyemjua zamani atakana kuwa ni yeye.

Ndugu zangu, mwaka jana sadaka ya mavuno ilipungua hesabu. Mimi mchungaji wenu nilimfikiria mara moja kijana aliyewahi kufungwa kwa wizi, ingawa amekwisha kubatizwa na kupata kipaimara. Sikumwuliza neno. Nilimtoa tu katika zamu ya kukusanya sadaka, na watu wakaelewa. Baada ya miezi miwili fedha zilionekana kwa mtu mwingine, mwenye mavazi safi na sala ndefu, ambaye hata sikumtazama.

Najua liko neno la Yeremia 13:23 juu ya chui na madoadoa yake. Twapenda kuwasomea wenzetu. Lakini nabii aliwaambia watu wake mwenyewe, waliokuwa hekaluni kila siku.

Jina la kijana yule limerudi katika orodha ya zamu, nayo imebandikwa mlangoni. Yeye hajaisoma, maana tangu siku ile haji kanisani. Jumamosi nitakwenda kwake, pamoja na wazee wa kanisa waliokuwapo nilipomtoa.