Aliyetoroka Hakusahau

Leo tumkumbuke John Boyle O'Reilly, kijana wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1844. Akiwa askari katika jeshi la Uingereza, alijiunga kwa siri na Wafenian waliotaka nchi yao ijitawale. Mwaka 1866 alikamatwa, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20.

Januari 1868 meli ya Hougoumont ilimshusha Fremantle, Australia Magharibi. Hiyo ndiyo meli ya mwisho kupeleka wafungwa Australia. Aliwekwa katika kikosi cha wafungwa waliotengeneza barabara karibu na Bunbury. Mwaka 1869 alitoroka kwa meli ya Kimarekani ya wavua nyangumi, akafika Boston na kuwa mhariri wa gazeti la The Pilot.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini O'Reilly aliwajua wenye njaa. Alisaidia kupanga safari ya meli ya Catalpa, iliyowatorosha wenzake sita mwaka 1876, na akatetea haki za Wamarekani weusi.

Msikilizaji, ukivuka salama, geuka umshike mkono aliyebaki nyuma.