Askari Mwenye Mgongo

Kijana wangu uliyetoka Monduli juzi na nyota moja begani, liko jambo ambalo uwanja wa gwaride haukukufundisha. Utapewa platuni, na ndani yake atakuwamo koplo mwenye mgongo, yaani mkubwa anayemkinga, anayejua kwamba huna la kumfanya. Anajua kwa sababu ameshakujaribu. Asubuhi ulimnyima ruhusa, maana jina lake limo kwenye zamu ya lindo ya Jumamosi. Mchana akaingia ofisini kwa kamanda wa kombania, akatoka na karatasi iliyotiwa saini. Jioni anapita mbele ya hanga, begi mkono wa kushoto, askari wako wamekaa wanasafisha bunduki. Anakupigia saluti isiyo na dosari, kisha anasema, "Afande, tutaonana Jumatatu."

Utamshtaki kwa lipi? Saluti imekamilika, na maneno yake hayana tusi. Lakini kila aliyekuwa na kitambaa cha kufutia bunduki ameelewa, na kuanzia usiku huo amri yako itapimwa kwanza kabla ya kutiiwa.

Nakuonya usikimbilie kumkomoa. Najua kinachokujia kichwani, maana kinamjia kila kijana: akirudi tu, fatiki kila siku, lindo la saa nane usiku wiki nzima, na kichura mbele ya wadogo zake. Hapo umempa alichokuwa akikitafuta. Safari hii atarudi kwa mkubwa na malalamiko ya kweli, tena na mashahidi. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, hiyo hiyo inayomwadhibu anayemkosea adabu mkubwa wake, haimpi mkubwa ruhusa ya kumtesa aliye chini yake. Na askari, hata yule ambaye hajawahi kuifungua sheria hiyo, anajua ipi ni adhabu na kipi ni kisasi.

Halafu tazama vizuri nani mwenye kosa. Koplo aliona mlango uko wazi akapita. Aliyeufungua ni mkubwa wako. Ukimalizia nguvu zako kwa koplo, hata akihamishwa kesho mlango utabaki wazi na mwingine ataupitia. Kazi yako ya kwanza iko juu. Nayo ni ngumu kuliko ya chini, maana huko juu huna amri, una maneno tu.

Nenda kwake. Usiende siku ile ile hasira ikiwa bado usoni, wala usimfuate bwaloni watu wanakunywa. Nenda ofisini, piga saluti, omba dakika tano. Usiseme "umenidhalilisha", hata kama ni kweli. Mkubwa akilisikia neno hilo ataanza kujitetea, na mazungumzo yamekwisha. Zungumza kazi: "Afande, koplo nilimnyima ruhusa kwa sababu ana lindo Jumamosi, na niliyemweka badala yake ametoka lindo Ijumaa. Uamuzi wako nimeutekeleza. Naomba jambo moja. Ukiona inafaa kubadilisha amri yangu, niambie mimi, nami nitawatangazia askari mwenyewe."

Lipime ombi hilo. Hukumwambia aache kubadilisha amri zako. Ana haki hiyo, na mara nyingine anakuwa ameona usiloliona. Pengine mtoto wa koplo amelazwa hospitali, na koplo aliona haya kumweleza kijana wa umri wako. Unachoomba ni kwamba uamuzi ukishuka upitie mikononi mwako. Askari akipokea ruhusa kutoka kwako, hata kama imeanzia juu, siku nyingine atajua aanzie wapi. Wakubwa wengi wakiambiwa hivi kwa utulivu hukubali, kwa sababu hawakukusudia kukuvunja. Walikuwa na haraka, au koplo ndiye mfungaji wa timu ya kikosi, au ni mtu wa kwao, wakatia saini huku wanazungumza na simu. Wapo pia wanaokusudia. Hao nitawafikia.

Jambo jingine lililowamaliza vijana wazuri ni ulimi. Mkubwa amebadilisha amri, nawe unasimama mbele ya platuni unasema, "Mimi nilikataa, lakini wakubwa ndio wameamua." Umejitoa lawamani, na kwa jioni moja umekuwa kipenzi cha watu. Papo hapo umewafundisha askari thelathini kwamba amri inaweza kutolewa na kusengenywa kwa pumzi moja. Kesho sajenti wako atalifanya lilo hilo kwa amri yako. Amri ya mkubwa ikikufikia, itoe kwa sauti yako mwenyewe, na ubishi wako uumalizie ofisini kwake. Sizungumzii amri haramu. Hiyo hupewi ruhusa ya kuitekeleza na mtu yeyote.

Mkubwa anayeona haya yote ni mambo madogo ya kambini, mkumbushe historia ya jirani zetu. Mwaka 1962 Luteni Idi Amin wa King's African Rifles alipeleka platuni yake Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuzuia wizi wa mifugo, akatuhumiwa kuwatesa na kuwaua wafugaji. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alitaka ashtakiwe, akalifikisha suala kwa Milton Obote, waziri mkuu. Uhuru ulikuwa umekaribia, na Amin alikuwa mmoja wa raia wachache mno wa Uganda wenye cheo cha afisa. Obote akaona karipio linatosha. Januari 1964 askari wa Jinja wakaasi kwa ajili ya mishahara, wakamshikilia waziri Felix Onama mpaka akakubali nyongeza, na nyongeza wakaipata. Mwaka huo huo Amin akawa naibu kamanda wa jeshi. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore, aliyekaripiwa akaichukua nchi. Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka hadi mto Kagera, na rika langu likapelekwa kuyarudisha. Sisemi kila koplo anayelindwa ni Amin. Wengi wataishia kuwa wavivu wenye vitambi. Nasema anayemkinga mkosaji leo hajui atakuja kumkinga na nini baadaye, na gharama yake mara nyingi wanalipa watu ambao hawakuwamo ofisini siku ile.

Sasa turudi kwa koplo wako, maana bado unaye. Amri unazompa zisimwachie nafasi ya kusema hakuelewa. Ukimwambia "hakikisha silaha ziko vizuri", umempa uwanja wa kuchezea. Mwambie: "Koplo, bunduki zote za seksheni yako ziwe safi ifikapo saa kumi na moja jioni leo. Nitazikagua mimi na sajenti. Rudia." Arudie, sajenti akisikia. Saa kumi na moja ikifika uwepo, wala usitume mtu. Ukikuta kasoro, andika kwenye daftari tarehe, saa, ulichosema, ulichokikuta, na nani alikuwapo. Usiandike "ni jeuri" wala "ana dharau". Andika "bunduki tatu zina kutu ndani ya mtutu", kwa sababu kutu mkubwa wako hawezi kuibishia. Na siku akifanya vizuri, liandike hilo pia kwa mwandiko ule ule. Daftari lenye makosa matupu hunuka chuki, na atakayelisoma ataanza kukuchunguza wewe.

Akikujibu vibaya mbele ya watu, usishindane naye kwa sauti. Mwamuru aripoti ofisini kwako saa fulani, endelea na ulichokuwa unakifanya. Huko ofisini awepo sajenti. Mweleze tendo lenyewe, mpe nafasi ya kujieleza, na umsikilize kweli. Nimeona zaidi ya mara moja dharau ikiyeyuka hapo hapo, ikabainika kwamba mtu alikuwa na kinyongo cha kupandishwa cheo ambacho kamanda aliyetangulia alimwahidi akaondoka.

Kuna kosa la kuchanganya watu. Sajenti mwenye mvi ambaye amefundisha maafisa wengi kabla yako atakupima wiki za kwanza. Atakuuliza swali ambalo jibu lake analijua, atachelewa kidogo kuitikia, atatazama kama unaijua ramani. Huyo si mwenye mgongo. Anataka kujua kama utawaua watu wake siku ya vita. Mjibu kwa kazi, atakuwa ngao yako. Na mtumie sajenti meja wa kombania. Vijana wenye nyota humwonea haya, wakidhani kumwuliza ni kujishusha. Yeye anamjua koplo tangu akiwa kuruta, anajua nani anamdai na nani anamwogopa. Nenda unywe naye chai. Maneno yake mawili nyuma ya hanga hufanya kazi ambayo fomu yako ya mashtaka haiwezi.

Nimesema nitawafikia wakubwa wanaokusudia. Umekwenda ofisini kwa adabu, umerudia mara ya pili, na bado amri zako zinafutwa mbele ya askari, koplo anacheka. Hapo mwombe mkubwa wako, kwa maandishi na kupitia kwake mwenyewe, ruhusa ya kumwona mkuu wa kikosi. Atakasirika. Mwache akasirike, ukimruka utampa haki ya kukasirika. Ambatisha kurasa za daftari lako, na usiongeze hata sifa moja mbaya juu ya mtu. Usimpigie simu mjomba wako aliyeko makao makuu. Ukipiga simu hiyo, kikosi kina watu wawili wenye mgongo, na wa pili ana nyota.

Njia hiyo ni ya polepole na inachosha, nayo ina sababu ya kuwapo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, panapoitwa Lugalo leo, walikuwa na madai yenye maana: mishahara, na vyeo vya juu vilivyobaki kwa Waingereza. Usiku mmoja wakawakamata maafisa wao na kuingia mjini na silaha. Serikali ililazimika kuomba askari wa Kiingereza waje kuwanyang'anya, jeshi likavunjwa, na JWTZ ikaundwa upya tarehe 1 Septemba mwaka huo. Wewe una malalamiko halali na una wanaume thelathini wenye bunduki wanaokutazama unayabebaje.

Huenda usishinde. Mkuu wa kikosi anaweza kumwamini kamanda wa kombania, na wewe ukapata uhamisho kabla ya koplo. Ikiwa hivyo, kabidhi platuni kwa utaratibu: silaha kwa namba, majina, likizo, wagonjwa, daftari. Kijana atakayekupokea atakuuliza, "Huyu koplo vipi?" Mpe daftari asome. Usimwongezee kitu kwa mdomo. Koplo naye ana haki ya kuanza upya na kamanda mpya.