Mtu wa Ndoo na Brashi

Wapendwa, ziko kazi ambazo hakuna mzazi anayemwombea mwanawe azipate. Kusugua sakafu ya wodi, kufua mashuka yenye damu, kumwaga vyombo vya wagonjwa, kuosha masufuria ya watu mia. Sisi twazikuta kazi hizo zimekwisha kufanyika. Sakafu inang'aa, kitanda kimetandikwa, wala hatuulizi ni nani aliyeamka alfajiri kuifanya kazi hiyo. Basi twajiuliza: je, kazi ya namna hii humshusha mtu? Na kama haimshushi, kama tunavyohubiriana kila mara, mbona aifanyaye tunampita bila salamu?

Swali hili tunaweza kulitazama katika maisha ya Stanley Spencer, mchoraji wa Kiingereza, ambaye ujana wake ulimpitisha katika kazi hizo hizo.

Spencer alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Cookham, kando ya Mto Thames. Baba yake alikuwa mpiga kinanda cha kanisa na mwalimu wa muziki, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Baba huyo alikuwa na desturi ya kuwasomea watoto wake Biblia kwa sauti. Mtoto Stanley hakwenda shule kama wenzake, bali alifundishwa na dada zake katika kibanda kilichokuwa bustanini. Hivyo alikua akiyajua mambo mawili kuliko yote, yaani Maandiko na kijiji chake, na moyoni mwake mambo hayo mawili hayakutengana. Aliposoma habari za ufufuo, aliwaona majirani zake wakitoka katika makaburi ya kanisa la Cookham. Mwaka 1908 aliingia chuo cha sanaa cha Slade, London, akasoma huko hadi mwaka 1912. Kila siku alikwenda kwa treni na jioni akarudi kwao, hata wanafunzi wenzake wakampa jina la utani "Cookham". Kipaji chake kilitambuliwa mapema, naye akapewa tuzo chuoni. Kijana huyu alikuwa na kila sababu ya kutazamia maisha mema ya rangi na brashi ya mchoraji.

Ndipo vita vikaja. Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 24, alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi, akapelekwa Bristol katika Hospitali ya Kijeshi ya Beaufort, ambayo kabla ya vita ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko akapewa brashi nyingine, ile ya kusugulia sakafu. Tangu asubuhi hadi jioni alikuwa mtu wa kuitwa na kutumwa: beba hiki, osha kile, panga nguo za dobi, jaza birika za chai, tandika vitanda. Nyuma yake, nyumbani Cookham, aliacha picha ambayo hakuwahi kuimaliza. Hatukosei tukisema kwamba mwanzoni kazi ile ilimwelemea. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, katikati ya amri nyingi, na watu wachache walijali kwamba alikuwa na kipaji.

Lakini katika siku hizo alikuja mtu kumtafuta. Alikuwa kijana mmoja jina lake Desmond Chute, ambaye baadaye alikuwa padre wa Kikatoliki. Chute alisikia kwamba mchoraji yule yuko hospitalini akifanya kazi za wodi, akamwendea, akafanya urafiki naye. Kwa huyo Spencer alipata kujua maneno ya Mtakatifu Augustino katika kitabu chake cha Maungamo, yanayomsifu Mungu ambaye yu kazini daima na tena yu katika raha. Neno hilo likamwingia. Kama Mungu mwenyewe hachoki kubeba, kujaza na kutunza, basi kubeba ndoo na kujaza birika si kazi iliyo nje ya mambo ya Mungu. Sakafu ilikuwa ile ile. Macho ya aliyeisugua ndiyo yaliyobadilika.

Mwaka 1916 alipelekwa Macedonia kuwahudumia majeruhi, kisha akajitolea kuingia katika jeshi la kupigana. Mwaka 1918 ndugu yake Sydney aliuawa vitani. Yeye mwenyewe alirudi Cookham, akaikuta ile picha yake ikimngoja, akaimaliza mwaka 1919. Lakini hospitali haikumtoka moyoni. Bwana na Bibi Behrend walikubali kumjengea kikanisa huko Burghclere, kiwe pia ukumbusho wa kaka yake Bibi Behrend, Luteni Henry Willoughby Sandham, aliyefariki kwa ugonjwa alioupata katika vita vile vya Macedonia. Spencer alizimaliza picha zake mwaka 1932, nazo ni 19.

Mtu aingiapo mle hutarajia kuona bendera, majemadari na mizinga. Haoni. Anaona mtu akisugua sakafu. Anaona nguo za dobi zikipangwa, makabati yakioshwa, wagonjwa wakinywa chai na kula mkate, askari wakijaza maji katika chupa zao. Na ukutani juu ya madhabahu kuna ufufuo wa askari. Wanatoka makaburini wakipeana mikono, na kila mtu anao msalaba wake mweupe. Kristo hakuwekwa mbele kwa ukubwa wa mfalme. Ameketi mbali kidogo, mdogo kwa kimo, akiipokea misalaba yao kama mtu apokeaye vifaa kwa watu waliomaliza kazi.

Hapo ndipo yupo atakayepinga, naye anayo haki. Atasema: "Spencer alisugua sakafu muda wa mwaka mmoja hivi, kisha akaenda zake akawa mtu mashuhuri, hata mwaka 1959 akapewa cheo cha Sir. Ni rahisi kuisifu ndoo ukiwa umeiacha. Muulizeni yule anayeishika miaka thelathini." Naam, ni kweli. Tena liko jambo baya zaidi. Maneno haya ya utakatifu wa kazi huweza kuwa fimbo mkononi mwa mwajiri. Akimwambia mfagiaji, "Kazi yako ni ibada," kusudi asidai ujira wake, huyo hamheshimu Mungu wala mfagiaji. Wazee walisema kazi mbi si mchezo mwema, lakini hawakusema mtenda kazi apunjwe.

Wala tusimfanye Spencer kuwa malaika. Mtu huyu aliyeuona utukufu katika beseni la maji machafu alimwumiza mke wake, Hilda, mama wa binti zake wawili. Walitalikiana mwaka 1937, naye akaoa mwingine siku chache tu baadaye. Kuona vema ni jambo moja, kutenda vema ni jambo jingine. Mtu aweza kuisifu huduma ya wageni wodini, na huduma ya nyumbani mwake ikamshinda.

Basi tushike nini? Nadhani ni hili: hakuna kazi iliyo duni yenyewe. Afadhali jicho litazamalo ndilo tuliite duni. Kwa hiyo mtihani hauko kwa yule aliyepiga magoti akisugua, bali kwa yule apitaye juu ya sakafu iliyo mbichi. Desmond Chute hakuibadili kazi ya rafiki yake, wala hakumwondoa wodini. Alimwendea tu, akamwita kwa jina, akazungumza naye kama mtu na mwenzake. Hilo likatosha kumwinua. Ni wangapi kati yetu waliokwisha kumwendea mtu hivyo? Mama afagiaye kanisa siku ya Jumamosi, je, twalijua jina lake na hali ya watoto wake? Msichana wa kazi aliye jikoni kwetu, je, hula pamoja nasi au baada yetu? Mhudumu aliyemsafisha mgonjwa wetu usiku, je, alipata asante, au asante yote ilikwenda kwa daktari?

Bwana wetu alipotaka kuwaonyesha wanafunzi wake upendo hata mwisho, alichukua beseni na maji. Tunaisoma habari hiyo kila Alhamisi Kuu, kisha Ijumaa inayofuata tunawapita wenye mabeseni kama vile hawapo.

Ndugu wapendwa, siku ile askari wa Burghclere walikabidhi misalaba yao. Wengine watakabidhi ndoo, mafagio na masufuria. Tuombe tusiwe watu wa kuwatambua kwa mara ya kwanza siku hiyo, hali tuliishi nao jirani miaka yote.